Siku Mtani Alipochukua Hisa za Babu

Kazini kwetu kulikuwa na Kwaresima mbili. Ya kwanza ni ile ya kanisani, ambayo kila mtu anaijua. Ya pili ilianza siku hesabu za mwaka zilipofungwa na kuisha siku matokeo yalipotangazwa, na katika siku hizo zote mtu yeyote anayejua siri za kampuni hakuruhusiwa kununua wala kuuza hisa zake, yeye, mwenzi wake, wala ndugu yake wa karibu. Jina rasmi la kipindi hicho lilikuwa refu mno. Mtu mmoja wa stoo alikiita Kwaresima na jina likashika.

Kampuni inasaga unga na kukoboa mpunga. Ofisi kuu iko Mbeya, mpunga mwingi unatoka Chimala na Rujewa, na hisa zinauzwa kwenye soko la Dar es Salaam, ambako mtu asiyewahi kubeba gunia anaweza kumiliki kipande cha mashine yetu. Mimi nilikuwa msaidizi wa katibu wa kampuni. Kazi yangu ilikuwa kutunza daftari la watu wa ndani, yaani wakurugenzi, mameneja, watu wa hesabu, na mimi mwenyewe, kwa kuwa ndiye niliyechapa rasimu ya matokeo. Mmoja wetu au ndugu yake akigusa hisa, taarifa ijazwe kwenye fomu ndani ya siku mbili za kazi.

Nilikuwa na shahada kutoka chuo kimoja cha Iringa, mkataba wa majaribio wa miezi sita, na tumbo linalouma kila Jumapili jioni. Aliyenitangulia kwenye meza ile aliondolewa kwa sababu shemeji yake alinunua hisa chache katikati ya Kwaresima na yeye hakuandika. Aliacha dawa za tumbo kwenye droo. Nilipozikuta niliangalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Zilikuwa bado nzima.

Majaribio yangu yalikuwa yaishe mwezi wa tatu. Baada ya hapo ningethibitishwa, au ningerudi nyumbani kumweleza mama kwa nini sikuthibitishwa.

Babu yangu, mzaa mama, alikuwa na hisa mia moja. Alizinunua zamani, kampuni ilipoanza kuuza hisa kwa wananchi, kwa pesa iliyokuwa ya mabati ya jiko. Bibi hakuwahi kulisahau jambo hilo, hasa mvua ikinyesha. Babu aliitia hati yake kwenye fremu na kuitundika sebuleni, katikati ya picha ya Yesu na picha ya ubarikio wa mama kanisani. Tangu siku hiyo aliiita "kampuni yangu". Kila alipopanda mjini Iringa aliingia madukani kukagua unga wetu kwenye rafu. Pakiti iliyolala aliisimamisha. Pakiti za kampuni nyingine alizisukuma nyuma kidogo kwa kiwiko, akijifanya anakohoa. Nilipopata kazi aliwaambia wazee wenzake kanisani, "Nimemwajiri mjukuu wangu. Tutamwangalia kwanza."

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumwandika kwenye daftari. Kanuni ilitaja mwenzi, mzazi, mtoto, na ndugu anayeishi nyumba moja na mhusika. Babu hakuwa hata mmoja wao. Lakini nililala nikiliwaza, nikaamka nikiliwaza, nikaenda kwa bosi.

Bosi, katibu wa kampuni, alikuwa mwanasheria, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu anayefunga kabati, anaondoka, kisha anarudi kuhakikisha amelifunga. Tulielewana sana.

"Babu si mzazi," alisema.

"Ndiyo, bosi. Lakini ananiita mchumba."

Alivua miwani. "Anakuita mchumba."

"Kama babu wote. Ila huwa anasema mbele za watu. Nikifika kijijini anatangaza, mke wangu amekuja. Nikafikiri, mtu wa nje akisikia, na kanuni inasema mwenzi..."

Bosi mwingine angecheka. Wangu alifungua kanuni kwenye neno mwenzi, akalisoma upya. "Mwandike," alisema. "Atatudhuru nini?"

Babu alifariki mwezi wa pili, usingizini, bila kumsumbua mtu. Mama alinipigia simu saa nne asubuhi nikiwa kazini. Bosi alinipa pole, akanipa ruhusa ya siku nne, akanisindikiza hadi ngazini. Hapo akasita.

"Binti, samahani kulisema hili leo. Zile hisa zake. Tuko Kwaresima. Msigawane, msihamishe, mtu asizishike mpaka matokeo yatangazwe."

"Hakuna atakayezishika, bosi."

Toka Mbeya hadi Makambako niliirudia sentensi hiyo kichwani. Toka Makambako hadi Iringa nilijiuliza kama nilitakiwa kusema "nitajitahidi".

Sisi ni Wahehe, na Wangoni ni watani wetu. Wazee walipigana, kisha wakaacha kupigana, na kilichobaki ni haki ya kutukanana bila kukasirikiana na wajibu wa kusaidiana kwenye misiba. Msibani mtani anaruhusiwa karibu kila kitu. Anaweza kuvaa nguo za marehemu, kumwigiza, kulala mlangoni, kuchukua chochote nyumbani na kukikatalia mpaka kikombolewe. Kijijini kwetu Mngoni alikuwa mmoja, bibi aliyekuwa mwalimu, aliyeolewa pale kabla mama yangu hajazaliwa. Yeye na babu walikuwa wametukanana kila siku kwa zaidi ya miaka arobaini. Alipougua malaria babu alimpelekea kuku. Alipopona, babu alimdai yule kuku.

Siku ya maziko wingu lilikuwa zito. Mchungaji alikuwa amemaliza sala ya nyumbani na vijana walikuwa wameinama kubeba jeneza, pale bibi Mngoni alipotokea chumbani. Alikuwa amevaa koti la babu na kofia yake. Alitembea kwa mwendo wa babu, goti la kushoto likiwa gumu, akaenda moja kwa moja hadi kwenye kabati la vyombo, akasimamisha kikombe kilicholala, kisha akasukuma sahani nyuma kwa kiwiko huku akikohoa.

Watu waliangua kicheko. Bibi yangu, aliyekuwa hajanyanyua kichwa tangu juzi, alicheka hadi akaziba uso kwa khanga.

Ndipo nikaona alichokibana kwapani. Ilikuwa fremu ya hisa.

Alijiweka mlangoni, miguu imetanuka, fremu kifuani. "Mhehe huyu leo kanyamaza! Miaka yote anasema kampuni yangu, kampuni yangu. Sasa kampuni ni yangu mimi. Jeneza halitoki. Mwenye kupinga aje."

"Mtani, mvua hiyo inakuja," alisema mjomba wangu, msemaji wa familia.

"Mvua ya kwenu. Sisi Wangoni hatuogopi maji. Mlivyotukimbia kule vitani mlisingizia mvua hivyo hivyo."

"Nani alimkimbia nani?"

"Muulize baba yako. Ah, samahani, leo hajibu!"

Kicheko tena. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeacha mambo yaende. Nilisimama.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mke mdogo wa marehemu."

"Naomba usizishike hizo. Haziruhusiwi kushikwa mpaka matokeo yatangazwe."

Watu waligeuka, hata mchungaji. Nilisikia sauti yangu ikiendelea, nyembamba, ikieleza juu ya watu wa ndani na ndugu zao. Mama alikuwa ananivuta sketi.

"Mnasikia?" Bibi Mngoni aliinua fremu juu ya kichwa. "Kampuni imetuma askari msibani! Na mimi nimeshazishika. Utafanya nini?"

"Itabidi niandike."

"Andika! Andika majina yangu yote matatu, la mwisho usikosee. Weka na Mngoni."

Natamani ningeweza kusema sikuandika. Nilitoa kalamu na kijidaftari kwenye mkoba wangu mweusi wa msibani, nikaandika majina matatu na saa. Aliinama akanisahihisha herufi moja ya jina la mwisho.

Kisha alidai jogoo na ndoo ya ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mjomba akasema tetea. Akasema jogoo, tena mwekundu, maana mweupe ni wa wagonjwa. Mzee wa kanisa akasema ulanzi haufai, huu ni msiba wa Kikristo. Bibi Mngoni akamuuliza ule anaokunywa yeye kwa shemeji yake ni wa dini gani. Wakakubaliana ulanzi uliogemwa asubuhi ile, ambao ungali mtamu na haujachacha, ili kila upande uwe na la kujitetea mbele ya Mungu. Wakati wanapatana mimi nilikuwa nawaza kwamba haya sasa ni majadiliano ya bei, mbele ya mashahidi, na hivyo hakuna atakayeweza kusema baadaye kwamba ulikuwa utani tu.

Kabla hajaachia fremu alinigeukia. "Mimi bado ndiye mwenye mali. Niambie, askari. Kampuni yangu mwaka huu imepata faida?"

Nilijua. Nilikuwa nimechapa faida hiyo mwenyewe, na jedwali lake.

"Siwezi kusema, bibi."

"Hawezi kusema!" alisema mjomba. "Basi ni mbaya."

"Au ni nzuri sana," alisema mama mmoja wa kwaya.

"Mtazameni uso."

Wote wakanitazama uso. Nilijaribu kuuweka usiwe wa faida wala wa hasara. Sijui nilifanya nini na nyusi zangu, lakini mzee mmoja nyuma alisema taratibu, kwa huruma, "Maskini, imefilisika."

Jogoo alikuja akipiga kelele, ulanzi ukaja, fremu ikarudi ukutani, jeneza likatoka. Tulimzika babu juu ya kilima kabla mvua haijaanza. Watu walilia. Bibi Mngoni alilia kuliko wote, akiwa bado na koti lake. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu. Leo ni Alhamisi. Siku mbili za kazi zinaanza leo au kesho? Na siku niliyopewa ruhusa ya msiba, ni siku ya kazi kwangu, au ni siku ya kazi kwa kampuni tu? Nilishika udongo, nikautupa kaburini, na kichwani nilikuwa nimeshafika Jumatatu.

Nilirudi Mbeya Jumapili. Jumatatu saa mbili kasoro nilikuwa mezani na fomu. Ina nafasi kumi na moja. Mhusika: babu. Uhusiano: nilikosea mara mbili nikafuta. Aina ya muamala: kunyang'anywa, nikakata, nikaandika kuhamishwa kimila. Mnunuzi: majina matatu, Mngoni. Idadi: mia moja. Malipo: hakuna. Halafu fomu ya pili, maana hisa zilirudi. Mnunuzi: familia. Malipo: jogoo mmoja, mwekundu, ulanzi ndoo moja, usiochacha. Sababu ya muamala: jeneza lilizuiwa.

Bosi alizisoma zote mbili akiwa amesimama. Kisha akakaa, akazisoma tena.

"Hiyo karatasi ya kwenye fremu," alisema hatimaye, "siyo hisa. Hisa ziko kwenye kompyuta, Dar. Mtu anaweza kuivaa ile karatasi kama kofia, hisa hazijui."

Nilifunika kalamu yangu. "Kwa hiyo hakuna muamala?"

"Hakuna." Niliona wasiwasi ukipanda shingoni mwake taratibu. "Ila umeshaandika."

"Naweza kuchana, bosi."

"Kuchana taarifa?" Tulitazamana kama watu wawili waliokuta nyoka chini ya meza moja. "Tukiripoti kisichokuwepo, tumekosea. Tusiporipoti kilichokuwepo, tumekwisha. Aliyekutangulia pale alisema ni shemeji tu, ni kidogo tu." Akafungua faili. "Itaenda kwenye bodi."

Bodi ilikuwa ikutane wiki tatu baadaye kupitisha matokeo. Ajenda ya nne ilikuwa taarifa ya miamala ya watu wa ndani. Ajenda ya saba ilikuwa matokeo yenyewe. Ajenda ya mwisho, ile ya mengineyo, ndani yake kulikuwa na wafanyakazi watatu wa kuthibitishwa au kutothibitishwa, na mmoja ni mimi. Uongozi ulikuwa umeshaamua, bodi ibariki tu, na barua zilikuwa zimechapwa na bosi mwenyewe, zikafungwa kwenye jalada la kijani ambalo nilikatazwa kulifungua. Na jalada hilo, pamoja na mengine, nilipewa mimi nilishike, kwenye meza ndogo nje ya mlango wa ukumbi, ili nimpelekee akiita. Nililiatamia kwa mikono kama kuku, bila kulifungua, kwa saa nzima.

Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto la mashine ya kuonyeshea picha ukutani, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Ajenda ya nne bosi aliisoma kwa sauti ile ile aliyosomea ajenda ya tatu. Alisoma jogoo. Alisoma mwekundu. Alisoma usiochacha. Kiti kikasogea.

"Mama mwenyekiti," ilisema sauti nzito ya mkurugenzi mmoja, mzee mkulima wa kahawa kutoka Mbinga, "natangaza maslahi kwenye jambo hili."

"Maslahi gani, mzee?"

"Mimi ni Mngoni."

Hakuna aliyecheka. Ninaapa hakuna.

"Mnunuzi alinunua kwa haki ya Wangoni wote," aliendelea. "Alichokula yeye nimekula mimi. Siwezi kukaa hapa nikijadili jogoo ambaye kimila ni wangu. Naomba kutoka."

Mwenyekiti, mama mmoja mtaratibu sana, alishukuru kwa uwazi wake. Ndipo bosi akasimama kusema kwamba wajumbe wawili walikuwa na udhuru, na mzee akitoka akidi haitatimia, na akidi isipotimia kikao hakipo, na kikao kisipokuwepo matokeo hayawezi kupitishwa, na hivyo Kwaresima haiwezi kuisha. Walijadiliana dakika ishirini. Mtu mmoja alipendekeza mzee amchukulie babu yangu kama si Mhehe. Mzee alisema hilo ni tusi kwa marehemu. Mwishowe waliafikiana kwamba kwa ajenda ya nne atakaa mlangoni, mguu mmoja ndani kwa ajili ya akidi, na mwili uliobaki nje kwa ajili ya maslahi. Ikaandikwa.

Kiti chake kikaletwa karibu na meza yangu. Akaketi, akanyoosha mguu wa kulia ndani ya ukumbi, kiatu kikiwa kimeng'arishwa vizuri, akanigeukia.

"Wewe ndiye yule Mhehe?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Yaani ulitoa kalamu msibani?"

"Ndiyo, mzee."

"Babu yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Nilikuwa nimejaza nafasi kumi na moja, mara mbili, na hakuna iliyoniuliza hivyo. Nikaanza kumwambia. Nikamwambia juu ya mabati ya jiko. Nikamwambia jinsi alivyosimamisha pakiti za unga madukani, na kiwiko, na kikohozi cha uongo. Mzee alicheka kwa nguvu kupita kiasi.

"Mzee," aliita mwenyekiti, "upo ndani au nje?"

"Nusu kwa nusu, mama mwenyekiti. Endeleeni."

Nilitaka kuendelea na ile ya kuku wa malaria. Kilichotoka ni kile nilichokiacha kilimani siku ile nikihesabu Alhamisi. Nililia mezani, juu ya mafaili, kwa kelele ya aibu, mbele ya bodi nzima na mlango wazi. Mzee hakuniambia ninyamaze. Alisubiri. Kisha, huku mguu wake ukiwa pale pale pa akidi, aliinama, akachomoa jalada la kijani chini ya mkono wangu na kuliweka kwapani.

"Mzee, hilo haliruhusiwi," nilisema, nikifuta pua.

"Najua."

"Ni la siri."

"Mhehe ananifundisha siri." Alilifungua mbali kidogo na macho yake, kama wazee wasomavyo, akapekua ya kwanza, ya pili, akasimama kwenye ya tatu. Akasoma polepole mpaka chini. Nilitafuta kitu usoni pake, faida au hasara, nikaelewa walivyoteseka wale wa msibani kwa nyusi zangu.

"Wamekuthibitisha," alisema. "Kuanzia tarehe moja. Ila barua hii haitoki hapa." Akaikunja, akaitia mfuko wa ndani wa koti. "Jogoo. Mwekundu. Na usiniletee tetea, nawajua."

Ndani, bosi, mtu wa kuhakikisha kila kitu mapema, alikuwa akiliita jalada la kijani kabla ya ajenda yake. Aliliita mara ya pili, na sauti yake ilianza kupanda. Mimi nilikuwa nacheka huku machozi yakinitiririka, na chini ya kicheko hicho nilikuwa nawaza kwamba mkurugenzi akipokea kitu kutoka kwa mfanyakazi lazima kiandikwe kwenye daftari la zawadi, lakini fidia ya utani si zawadi, na barua ya ajira si hisa, au labda ndiyo, na Kwaresima haijaisha mpaka wafike ajenda ya saba. Nilivuta fomu tupu. Nikaandika jina langu kwenye nafasi ya kwanza.

"Majina yangu yote matatu," alisema mzee, akiinamia bega langu. "La mwisho usikosee."